Vile tuliacha kushuka Sachangwan na nyutro

Mi niko ofisi ya sako moja, chama cha wenye matatu, za abiria 14, tunapiga Kisumu–Nakuru. Tulipoanza mambo ya kufunza madereva tulikodisha ukumbi, jamaa akaja na projekta, watu wakala kuku wakapewa cheti, na wiki hiyo hiyo abiria akanipigia simu analia ati gari inashuka kama imetupwa. Pesa zikaenda hivyo.

Tukabadilisha. Jumatatu asubuhi kabla gari ya kwanza ijae tunakaa steji na chai na mandazi, kuna daftari, kila mtu anasema ile kitu ilitaka kummaliza wiki hiyo. Sharti ni moja, ukisema hapo hakuna faini wala kusimamishwa. Wiki tatu watu walikunywa chai tu.

Ya nne, mzee mmoja, huyu ameendesha tangu kabla ya zile sheria za matatu za waziri Michuki za 2004, akasema akitoka Mau Summit hushuka mteremko wa Sachangwan mpaka Salgaa na nyutro, yaani ametoa gia, aokoe mafuta, na juzi alikanyaga breki mguu ukaenda mpaka chini, moshi kwa tairi, akaponea kupanda ukingo wa udongo. Na ule mteremko si mchezo, watu wamezikwa kwa sababu yake. Kimya, halafu mwingine, "Omera, hata mi." Wakafika watano.

Fundi akaleta breki pedi za hiyo gari akaziweka kando ya mandazi, zinang'aa kama kioo. Akasema ukiwa kwa gia injini inashikilia gari, ukitoa, uzito wote unaangukia breki, zikichemka hazishiki. Na kumbe ukishuka na gia bila kukanyaga mafuta injini haichomi karibu kitu, nyutro ndio inaendelea kunywa! Mzee hakuwa anajua, na mi ofisini pia sikujua.

Lakini nisidanganye, shida kubwa ilikuwa hesabu, ile pesa dereva hupelekea mwenye gari kila siku. Mafuta dereva ndiye anajaza, ndio maana anaokoa na nyutro, usipoguza hapo unapiga domo tu. Tukaita wenye gari, tukabishana siku nzima, wakakubali kushusha hesabu siku biashara ni mbaya, isipokuwa mmoja, alihamisha gari yake sako ingine.

Daftari ya kwanza imejaa. Hii ya pili, juzi makanga mgeni ameandika: "Dereva wangu alikuwa anasinzia, nimempigia stori Kericho mpaka Ahero." Dereva mwenyewe alikuwa amekaa hapo. Alicheka, akaomba kalamu, akaongeza kwamba siku hiyo alikuwa amelala masaa matatu.