Siku moja maishani mwangu: Alhamisi ya warushaji, Los Angeles

Alhamisi, 24 Oktoba 2024. Kesho jioni Dodgers wa hapa Los Angeles na Yankees wa New York wanafungua World Series hapa hapa, fainali ya besiboli ya Marekani ambayo bingwa ni wa kwanza kushinda michezo minne. Kazi yangu ni kuandaa uchambuzi wa besiboli kwa Kiswahili kwa redio moja ya mtandaoni ya Dar es Salaam, na mada ya leo ni warushaji wanaoanza, yaani wanaowarushia wapigaji mpira tangu mwanzo wa mchezo.

Saa 11 alfajiri

Huku bado giza, Dar ni saa 9 alasiri. Dada mhariri ameshatuma ujumbe wa sauti: "Kaka, wasikilizaji wetu ni watu wa Simba na Yanga. Usiwazamishe kwenye takwimu."

Haya, naanza na kipa. Chukua timu inayocheza karibu kila siku, ina makipa watano wanaodaka kwa zamu, na kila aliyedaka leo anapumzika siku nne au tano mkono upate nguvu. Kabla ya kutabiri mechi, lazima uulize leo nani yuko golini. Ila mrushaji ana mamlaka kuliko kipa: hakuna kinachoanza mpaka mpira utoke mkononi mwake, mita 18 na ushee kutoka kwa mpigaji.

Saa 1 asubuhi

Chai, chapati ya jana, kompyuta. Mchezo wa kwanza ni Gerrit Cole wa Yankees na Jack Flaherty wa Dodgers. Wote ni watoto wa huku huku: Flaherty kazaliwa Burbank, Cole kakulia Orange County akiishabikia Yankees, jambo ambalo majirani zangu hawajamsamehe hadi leo.

Cole alitwaa tuzo ya mrushaji bora, Cy Young, ya American League (moja ya ligi mbili kuu) 2023, kisha kiwiko kikamweka nje hadi Juni mwaka huu. Ameanza michezo 17, akiruhusu wastani wa mikimbio (yaani pointi) 3.41 kwa kila iningi tisa, yaani vipindi vya mchezo mzima; ikiwa ndogo ni bora. Flaherty, aliyeletwa kutoka Detroit mwishoni mwa Julai, ana 3.17. Ukisoma tarakimu peke yake utamchagua Flaherty. Mimi hapana. Dhidi ya Mets, timu nyingine ya New York, kwenye mtoano alirusha iningi saba bila kuruhusu mkimbio hata mmoja. Siku tano baadaye akapigwa mikimbio minane ndani ya iningi tatu, na kasi ya mpira wake ilikuwa imeshuka. Kesho nitakodolea macho kasi hiyo tangu iningi ya kwanza.

Saa 4 asubuhi

Nimeendesha gari hadi Vin Scully Avenue, kwenye lango la uwanja. Fernando Valenzuela, mrushaji wa zamani wa Dodgers, amefariki juzi, na watu wanaweka maua, mishumaa na kofia za buluu. Mara ya mwisho timu hizi kukutana World Series ilikuwa 1981, naye alikuwa kijana wa miaka 20. Mchezo wa tatu alirusha mipira 147, akapigwa vizuri tu, akawapa wapigaji saba besi za bure (kwenda kituo cha kwanza bila kupiga, kwa sababu ya mipira mibovu), na bado kocha alimwacha mpaka mwisho. Dodgers wakashinda 5-4.

Mipira 147! Siku hizi kocha anayemfikisha mrushaji 100 anaulizwa maswali.

Saa 6 mchana

Mchezo wa pili ndio ninaoupenda: Yoshinobu Yamamoto wa Dodgers na Carlos Rodón wa Yankees. Yamamoto alisajiliwa Desemba iliyopita kwa dola milioni 325, miaka 12, kabla hajarusha mpira hata mmoja katika ligi ya Marekani. Silaha yake ni splita, mpira unaokuja kama wa kasi kisha unazama ghafla mpigaji akiwa ameshazungusha gongo. Mashabiki wa Dodgers wanakumbushana Juni 7, alipowazima Yankees kwao New York kwa iningi saba, bila mkimbio. Wanachosahau ni kwamba Juan Soto, mpigaji wa Yankees, hakucheza siku ile. Soto ana homurani 41 (mapigo yanayovuka uzio) msimu huu na hababaishwi na mpira unaozama nje ya eneo halali la kurushia. Anautazama tu upite.

Rodón anatumia mkono wa kushoto, na hilo lingepaswa kuwasumbua Ohtani na Freeman, wapigaji wa Dodgers wanaopiga kwa kushoto. Lakini karuhusu homurani 31 msimu huu. Mpira wake wa kasi ukikaa juu na katikati, unaishia jukwaani. Hapa naipa Dodgers bila kusita.

Saa 8 mchana

Jumatatu huko New York ni Walker Buehler wa Dodgers na Clarke Schmidt wa Yankees. Schmidt ana wastani wa 2.85, Buehler ana 5.38 na ushindi mmoja tu mwaka mzima, baada ya kupasuliwa kiwiko kwa mara ya pili. Ila juzijuzi huko huko New York aliwanyima Mets mkimbio kwa iningi nne, na iningi nne ndizo anazoombwa.

Hapo ndipo penye hoja yangu yote. Yankees wana waanzishaji wanne, wa nne akiwa Luis Gil, mwenye mkono wa moto na besi 77 za bure. Dodgers wana watatu; Glasnow, Kershaw na Stone ni majeruhi. Mchezo wa nne wataugawa kwa warushaji wa akiba, mmoja baada ya mwingine. Watu wanaita huo udhaifu. Lakini Padres wa San Diego walikutana na warushaji wanane wa Dodgers siku moja kwenye mtoano wakalala 8-0. Mpigaji akimwona mrushaji yuleyule mara ya tatu katika mchezo mmoja, kawaida anampiga vizuri zaidi. Dodgers hawampi nafasi hiyo. Hatari ni uchovu: Judge, mpigaji mwingine wa Yankees, na Soto wakiwaona hao wa akiba usiku baada ya usiku, siri zinaisha. Mets walishinda mojawapo ya michezo ya namna hiyo, 7-3.

Ninasema Dodgers, michezo sita.

Saa 10 jioni

Najibu wasikilizaji. La, Ohtani harushi mwaka huu, alipasuliwa kiwiko Septemba 2023, anapiga tu. Ndiyo, ndugu wa Kampala, Dodgers walisajili Waganda wawili 2022, Ben Serunkuma ambaye ni mrushaji na Umar Male ambaye ni mdakaji, wote ngazi za chini. Mchezo unaanza saa 9 na dakika 8 usiku wa kuamkia Jumamosi kwa saa za Afrika Mashariki. Na wewe wa mkeka: soma masharti kwanza, maana mahali pengine mrushaji aliyetajwa akibadilishwa, dau linafutwa.

Saa 2 usiku

Narekodi ndani ya kabati la nguo, makoti yanameza mwangwi. Kipande cha Nestor Cortes, mrushaji wa Yankees, nimekirekodi mara mbili, kimoja akiwa kikosini na kingine akiwa hayumo. Hajarusha tangu Septemba kwa sababu ya kiwiko, na orodha rasmi bado haijatoka. Nimemtumia dada vyote viwili. Atachagua kesho kabla kipindi hakijaruka.