Ninavyochagua glavu na nguo za kuendeshea baiskeli kwenye baridi na mvua

Kipimajoto hakikuambii baridi utakayoipata ukiwa juu ya baiskeli. Hewa ikiwa nyuzi 5 za Selsiasi nawe unakwenda kilomita 25 kwa saa, ngozi iliyo wazi inahisi kama nyuzi 1 hivi, na upepo wenyewe haujaanza kuvuma. Kwenye nyuzi 0 unahisi kama uko kwenye -6. Mikono ndiyo inayotangulizwa mbele kuupokea upepo huo, tena imetulia tu kwenye usukani. Miguu angalau inakanyaga pedali na kujipasha moto. Kwa hiyo mimi huanza na glavu, mengine yafuate.

Jambo la kwanza ninaloangalia ni saizi, hata kabla ya kitambaa. Napima mzunguko wa kiganja kwenye vifundo vya vidole, bila kidole gumba, kisha nalinganisha na jedwali la mtengenezaji. Lakini kipimo hicho ni cha mkono ulionyooka, na usukani haushikwi hivyo. Ukikunja vidole, glavu hujivuta na kufupika. Naivaa, nashika kitu chenye unene wa usukani, naangalia kama ncha za vidole zimebaki na nafasi ya nusu sentimita hivi. Zikigusa mwisho, siinunui hata kama inapendeza: sufu au nyuzi za ndani zikibanwa hupoteza hewa, na hewa hiyo ndiyo joto lenyewe. Glavu inayobana huzuia pia damu isifike vidoleni. Watu wengi huvaa glavu nyembamba ndani ya glavu nene iliyokwisha kubana, halafu wanashangaa vidole vimekufa ganzi zaidi kuliko mwanzo.

Kuhusu maji, soma lebo kwa makini. "Inastahimili maji" maana yake ni manyunyu tu. Ile isiyopitisha maji kabisa huwa na utando mwembamba uliokaa katikati, kati ya kitambaa cha nje na bitana. Utando huo unazuia matone ya mvua na kuruhusu mvuke wa jasho kutoka, ila mvuke unatoka polepole sana. Hapo ndipo lawama nyingi huangukia pasipostahili. Kitambaa cha nje hupakwa dawa ya kufanya maji yateleze. Dawa ikiisha, kitambaa kinanyonya maji, jasho linakosa pa kutokea, na maji yale yanapokauka kwa upepo yanaondoka na joto la mkono. Unavua glavu, unakuta mkono umelowa, unasema inavuja. Mara nyingi haivuji. Dondoshea maji juu yake: yakisimama kwa matone, dawa bado ipo, yakitanda na kuacha doa jeusi, ni wakati wa kuiosha na kuipaka dawa upya.

Kuna kasoro moja dukani haionekani mpaka uitafute, nayo ni bitana isiyoshikizwa. Ukichomoa mkono wenye unyevu, vidole vya bitana vinatoka navyo vimegeuka nje ndani, na kuvirudisha barabarani huku baridi inakuuma ni mateso. Ninaijaribu hivi: naingiza vidole viwili ndani, nabana ncha ya bitana ya kidole kimojawapo, naivuta taratibu. Ncha ya nje ikifuata, imeshonwa au imegundishwa vizuri. Bitana ikija peke yake, naiacha hapo hapo.

Glavu moja haiwezi majira yote, na anayekuambia inaweza anataka uinunue. Kati ya nyuzi 10 na 15 navaa nyembamba ya kukinga upepo tu. Kati ya 5 na 10 nataka bitana ya flisi, kile kitambaa laini chenye manyoya manyoya. Chini ya 5 naingia kwenye nene yenye utando. Chini ya 0 nachagua zile zinazoweka vidole viwili viwili pamoja ili vipashane joto, ila kwanza nahakikisha naweza kuvuta breki na kubadilisha gia bila kutafuta. Kwa safari ya kila siku kwenye usukani ulionyooka, vifuko vinavyofungwa juu ya vishikio vyenyewe vinashinda glavu yoyote: mkono unaingia humo na glavu nyepesi, na breki unazihisi vizuri.

Mvua ya mfululizo kwenye nyuzi 6 au 7 nayo ina dawa yake, glavu za neopreni, mpira laini wa sponji kama wa nguo za wapiga mbizi. Maji yanaingia, lakini yanabaki kidogo na kupashwa joto na mwili. Lazima ziukamate mkono sawasawa, maana zikipwaya maji baridi yanaingia na kutoka. Kwenye ukavu zinatoa jasho na kunuka upesi.

Mkono wa koti uvae juu ya glavu. Ukiwa umeshika usukani, mikono imeelekea chini, na glavu iliyo juu ya koti inageuka faneli ya kupokelea mvua. Ndiyo sababu najaribu koti nimeinama na kunyoosha mikono mbele. Likiacha kifundo cha mkono wazi, ni fupi. Mgongoni nalo lifunike kiuno nikiwa nimeinama vivyo hivyo.

Tena, vidole baridi vinaweza kuwa kosa la kifua. Mwili ukihisi baridi katikati, unapunguza damu ya mikono na miguu ili kulinda moyo na mapafu. Ndani navaa sufu nyembamba au poliesta; pamba inashika jasho na kubaki imelowa. Juu yake flisi, kisha koti la mvua lenye mishono iliyozibwa kwa tepe na zipu za kwapani. Dakika 10 za kwanza nisikie baridi kidogo. Nikiondoka mlangoni na joto zuri, baada ya kilima cha kwanza jasho litanilowesha kuliko mvua.

Miguuni, suruali ya kubana yenye manyoya ndani kwa nyuzi 10 kwenda chini, magoti yasibaki wazi. Vifuniko vya viatu vinasaidia, lakini madigadi ndefu inasaidia zaidi, kwa sababu maji mengi ya miguuni yanarushwa na gurudumu la mbele. Kofia nyembamba ya kufunika masikio inakaa chini ya helmeti, na kamba za helmeti zirekebishwe tena.

Glavu zikilowa, nazijaza karatasi za magazeti, nabadilisha karatasi zikishiba maji, kisha nazining'iniza vidole vikiwa juu mahali penye hewa. Juu ya hita siziweki, joto kali linaweza kuachanisha utando na gundi. Sabuni ya kulainisha nguo nayo siitumii, huua ile dawa ya kuteleza maji. Na kwa safari inayozidi saa moja, jozi ya pili kavu inasafiri ndani ya mfuko wa plastiki.