Yaya wa kutwa na chakula cha mchana

Yaya anayekuja asubuhi na kurudi kwake jioni hukaa katika nyumba ya watu saa nane, tisa, na siku nyingine hata kumi. Katika muda huo mtoto hula mara mbili au tatu, na yaya ndiye anayepasha chakula, anayekipooza, anayelisha na anayeosha vyombo, lakini waajiri wengi hawamwambii kamwe kama na yeye anatakiwa kula. Kwa yaya anayelala hapo hapo, jambo hili huwa limeshaamuliwa, kwa kuwa chakula cha nyumba ndicho chakula chake. Huyu wa kutwa ndiye anayedhaniwa kuwa amekula kwake kabla ya kuja na kwamba atakula kwake akirudi. Mimi ni mzazi ninayeajiri yaya wa kutwa, na msimamo wangu ni kwamba ale kazini, ale chakula cha nyumba, asikatwe chochote kwenye mshahara, na aelezwe hayo yote siku ya kwanza bila kusubiri aulize.

Hilo la kuelezwa ndilo ninalolipa uzito zaidi, kwa sababu yaya wengi hushinda na njaa katika nyumba ambazo mwenyewe wala hakukusudia kuwanyima. Anafungua friji kumtolea mtoto maziwa, anaona bakuli la kiporo, hajui kama limewekwa kwa ajili ya mtu atakayerudi jioni au litamwagwa kesho, basi anafunga mlango. Mchana mtoto akibakiza vijiko viwili vitatu, anavimalizia akiwa amesimama kwenye sinki, kisha anaosha sahani. Mwenye nyumba akirudi hukuta jikoni safi, asijue lolote. Kumwambia mtu "jisikie uko nyumbani" hakutoshi. Aambiwe ni chakula kipi kimeachwa kwa ajili ya mchana, kwamba kimepikwa kwa hesabu yake pia, na kama kuna kitu kisichoguswa, kitajwe kwa jina ili vinavyobaki avile bila wasiwasi.

Wapo wanaosema kwamba mfanyakazi wa ofisini hubeba chakula chake au hutoka kwenda kununua, hivyo yaya naye afanye vivyo hivyo. Ulinganisho huo haunikai sawa, kwa kuwa mfanyakazi wa ofisini ana saa ya mapumziko ya kutoka nje, ilhali yaya aliyeachwa peke yake na mtoto wa mwaka mmoja na nusu hawezi kwenda hata dukani bila kumbeba. Mtoto akilala, muda huo mara nyingi huishia kwenye kufua nguo zake. Tena watoto walio chini ya miaka 4 hupaliwa kwa urahisi, na aliyezibwa kabisa koo hawezi kulia wala kukohoa, kwa hiyo mtu mzima anapaswa kuwa amekaa mbele yake muda wote anaokula. Yaya akiwa na sahani yake mezani, anamwangalia mtoto kwa karibu, na mtoto naye anajifunza kushika kijiko kwa kumwiga.

Kuhusu kukatwa mshahara, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 189 wa wafanyakazi wa majumbani mwaka 2011, nao ukaanza kutumika mwaka 2013. Mkataba huo unaruhusu sehemu ndogo tu ya ujira kulipwa kwa vitu, tena kwa ridhaa ya mfanyakazi, kwa manufaa yake mwenyewe na kwa thamani iliyo ya haki. Unataka pia mfanyakazi aelezwe masharti ya kazi yake, likiwemo suala la chakula pale kinapotolewa. Kwa maoni yangu, mwajiri anayegundua mwisho wa mwezi kwamba yaya "amekula sana" na kupunguza malipo amevunja makubaliano, hata kama sheria ya nchi yake haijasema neno.

Yaya anayependelea kubeba chakula chake, iwe kwa sababu ya dini, afya au mazoea tu, aachiwe uhuru huo na apewe nafasi kwenye friji na ruhusa ya kukipasha. Hapo sharti ni moja: mtoto akiwa na mzio wa chakula fulani, yaya aelezwe mapema ili asije nacho.

Siku za kutoka nazo zisisahaulike. Nikimtuma ampeleke mtoto kliniki au kwenye michezo, naacha pesa ya chakula cha wote wawili, mbali na nauli, na sidai chenji ya chakula chake.