OpenCore ikikugomea, soma kwanza inachosema

Jamani hii tabia ya kudaunlodi EFI (folda ya kuwashia mashine) ya mtu mwingine iliyofanya kazi kwenye mashine yake, ukaibandika kwenye flashi yako afu ukategemea macOS, mfumo wa kompyuta za Apple, iwake kwenye PC yako, ndio inayoniletea wateja hapa Ngamiani, kwa hiyo nisiilaani sana. Lakini kwa kweli inachosha. Kila anayekuja na hakintoshi (PC ya kawaida iliyowekwa macOS) iliyogoma ukimuuliza config.plist yako, yaani faili la mipangilio, uliitengenezaje, anakwambia "nilipewa". Umepewa na nani, ya prosesa gani, ya OpenCore toleo lipi, hajui.

Wa juzi ni dogo mmoja anashuti maharusi, ana ThinkPad T460 ya mtumba, anataka Final Cut, programu ya Apple ya kukata video, maana hela ya MacBook haipo na msimu wa harusi ndio huo umeanza. Kanikabidhi mashine huku anasema, "Kaka, inaniletea maandishi tu, itakuwa imekufa." Nikamwambia mashine inayoandika haijafa bwana, hebu tusome.

Kwa wasioijua, OpenCore ni butiloda (programu inayouwasha mfumo), inakaa katikati ya BIOS na macOS, kazi yake ni kuifanya macOS iamini iko kwenye kompyuta ya Apple. Yote inayoyafanya imeelekezwa na faili moja tu, config.plist, na hapo ndipo majanga yote yanapozaliwa. Skrini ya dogo ilikuwa imejaa mistari inayoanza na OCS: No schema for, halafu jina la kitu fulani. Watu wakiiona hiyo wanakimbilia kubadilisha flashi, wengine wanabadilisha mpaka RAM. Maana yake ni nyepesi tu, config imeandikwa kwa toleo moja la OpenCore na mafaili ya OpenCore yaliyomo kwenye flashi ni ya toleo jingine, kwa hiyo inakutana na vipengele isivyovijua. OpenCore kila toleo linaweza kuongeza vipengele na kufuta vingine, ndio maana ukiidaunlodi unakuta Sample.plist humohumo. Anzia hapo. Chukua Sample ya toleo lako, ijaze mwenyewe ukifuata mwongozo wa mtandaoni wa Dortania kwa kizazi cha prosesa yako, ukimaliza ipitishe kwenye ocvalidate, kale kaprogramu kapo kwenye folda ya Utilities, kanakwambia mstari gani una kasoro kabla hata hujarestati.

Basi nikaifuta ile EFI yote ya kupewa nikaanza upya. T460 ina prosesa ya Skylake (kizazi cha sita cha Intel) na grafiki ya HD 520, kwa hiyo nikamwambia dogo mapema tunaishia Monterey (macOS 12), kwa sababu kuanzia Ventura (macOS 13) ya 2022 Apple walizitoa draiva za grafiki za Skylake. Kuna ujanja wa kuidanganya macOS kwamba HD 520 ni ya Kaby Lake, kizazi kilichofuata, na watu wanaishi nao, ila mashine ya kazi ya watu mi siipeleki huko.

Keksti (draiva za macOS) nilizoweka ni chache, Lilu ya msingi, VirtualSMC ya kuiga chipu ya Apple, WhateverGreen ya grafiki, AppleALC ya sauti, VoodooPS2 ya kibodi, IntelMausi ya waya wa LAN na AirportItlwm ya waifai. Hiyo ya mwisho kuwa makini nayo, lazima ilingane na toleo la macOS, ya Ventura haifanyi kazi Monterey. Na Lilu iwe juu ya zile zinazoitegemea kwenye orodha, maana keksti zinapakiwa kwa mpangilio, ukiitanguliza WhateverGreen wakati Lilu haijaingia umejitafutia shida.

Kuwasha, ikafika kwenye mstari wa EXITBS:START ikaganda. Huu mstari ni maarufu kuliko yote na ndio unaowakatisha tamaa wengi, kwa sababu hausemi tatizo ni nini, unasema tu hapa ndio tunaiachia BIOS mkono na kernel (kiini cha macOS) inachukua usukani. Ikigandia hapo mara nyingi ni mambo ya memori kwenye sehemu ya Booter ya config, au CFG Lock, kufuli la BIOS linaloizuia macOS kubadilisha mipangilio ya umeme ya prosesa. Laptopu nyingi za ofisi CFG Lock imefungwa na kwenye BIOS hakuna pa kuifungulia, dawa yake ni AppleXcpmCfgLock kuwa true kwenye config, sehemu ya Kernel, Quirks. Nikaiweka, ikapita. Hapa pia ndio faida ya kutumia toleo la DEBUG la OpenCore wakati unatafuta ugonjwa, ukiweka Target 67 kwenye config inakuandikia logi kwenye flashi, unaenda kuisoma taratibu kwenye mashine nyingine badala ya kupiga picha skrini kwa simu inayotetemeka. Na kwenye boot-args (maagizo ya kuwashia) weka -v, keepsyms=1 na debug=0x100, hiyo ya mwisho inazuia mashine isijirestati ikipata kernel panic (kernel ikikwama kabisa), ukabaki unakodolea giza.

Tukaingia rikavari, sehemu ndogo ya macOS inayoshusha mfumo mzima. Nikaunganisha hotspoti ya simu, waifai ikashika vizuri, nikabonyeza kuinstoli, ikajibu haiwezi kuifikia seva. Dogo akaanza kulaumu bando. Mi nikafungua Terminal nikaandika date, jibu likaja na mwaka wa miaka mingi nyuma huko. Betri ndogo ya CMOS, inayotunza saa, imekwisha, mashine ikikosa umeme kabisa inasahau tarehe, na tarehe ikiwa ya zamani vyeti vya usalama vya seva vinaonekana batili, muunganisho unakataliwa. Nikarekebisha tarehe BIOS, nikarudi, ikaanza kushusha. Sasa hapo uwe na bando la maana, rikavari yenyewe ni ndogo haifiki GB 1 lakini Monterey nzima ni kama GB 12, tukaiacha usiku maana mchana mtandao hapa mjini unajiamulia wenyewe.

Kingine flashi, ukiona alama ya duara lenye mstari katikati na maneno Still waiting for root device, hiyo ni USB. macOS inakubali bandari 15 tu kwa kila kontrola ya USB, na tundu moja la USB 3 linahesabika mbili, kwa hiyo zinajaa haraka. Chomeka kwenye tundu la USB 2 kama lipo, halafu ukiwa Windows tengeneza ramani ya bandari zako kwa programu ya USBToolBox. Wanaokwambia washa XhciPortLimit (kipengele cha kuondoa kikomo hicho) wanakupa ushauri wa zamani, kuanzia macOS Big Sur 11.3 haifai tena.

Nisije nikaambiwa sikusema, leseni ya Apple inaruhusu macOS kwenye kompyuta zao tu, na kampuni moja ya Florida, Psystar, iliyokuwa inauza mashine za hivi ilishtakiwa 2008 ikashindwa mwaka uliofuata. Mi siuzi macOS, nairekebisha mashine ya mtu. Halafu Apple wenyewe wametangaza 2025 kwamba macOS Tahoe ndio ya mwisho kwa Intel, kwa hiyo ukinunua laptopu leo mahsusi kwa hakintoshi, mdogo wangu, hiyo hela ongezea upate Mac ya M1 ya mtumba. Ila kama mashine unayo tayari imelala kabatini, ijaribu.

Ya dogo sasa hivi inakata video, waifai ipo, AirDrop (ya kutumiana mafaili na vifaa vya Apple) hamna na haitakuwepo kwa kadi ya Intel. Kilichobaki ni sauti, spika zinalia lakini hedifoni zikichomekwa kimya, nabadilisha alcid (namba ya mpangilio wa sauti) moja baada ya nyingine kutoka orodha ya AppleALC ya chipu yake ya sauti. Na ile betri ya CMOS nimemwambia anunue, mpaka leo hajaileta.