Nilivyorudisha usingizi kwa patu zinazojipiga

Mwaka 2018 nilikuwa nalala masaa matatu kwa siku, manne nikibahatika. Nilifanya kazi ya kutunza wazee, zamu ya usiku, huko Maryland. Asubuhi nikifika nyumbani, ile milio ya kengele za wagonjwa ilikuwa bado inalia kichwani. Nilijaribu maziwa ya moto, mapazia mazito, hata kuzima simu. Wapi!

Mwenzangu wa kazini ndiye aliyenitoa. "Dada, twende Renwick. Kuna ala zinajipiga zenyewe." Renwick ni jumba la sanaa la Smithsonian, karibu kabisa na Ikulu ya Marekani, na kuingia ni bure. Mwaka ule palikuwa na maonyesho ya sanaa za Burning Man, tamasha la kila mwaka la jangwani Nevada, na ndani yake kazi ya Aaron Taylor Kuffner iitwayo Gamelatron. Kuffner alikwenda Indonesia kujifunza gamelan, yaani zile ala za shaba zipigwazo kwa pamoja Java na Bali. Kwenye kazi yake kila upatu, ile ala ya shaba ya kugonga, una kinyundo chake kinachosukumwa kwa umeme, na kompyuta ndiyo inayoamua kipi kigonge na lini.

Bibi yangu, kule Tanga, alikuwa akipiga upatu kwenye ngoma za harusi. Upatu usio na mkono wa mtu sikuuelewa. Lakini nilikuwa nimechoka, nikaketi.

Dakika za mwanzo sikupumzika hata kidogo. Nilikuwa natafuta wimbo: ubeti uko wapi, kiitikio kiko wapi, kama ninavyosikiliza taarabu. Haukuja. Kisha ukalia upatu mkubwa, mlio mzito niliousikia kifuani kabla ya masikioni, nikaamua kuufuata huo mmoja tu mpaka uishe. Haukuisha upesi. Ulikuwa unatikisika, unapanda na kushuka kama maji ya bamvua yakigusa ngazi za gati. Baadaye nikajifunza kwamba wenyewe mtikisiko huo huuita ombak, yaani wimbi, na kwamba mafundi wa Bali hutengeneza ala mbili mbili, moja imeshushwa sauti kidogo tu chini ya mwenzake, makusudi, ili zikipigwa pamoja wimbi hilo litokee. Nilipolisoma hilo nilifurahi kama niliyefumbuliwa fumbo.

Basi nikajiwekea utaratibu. Mlio ukianza navuta pumzi. Ukififia naiachia taratibu mpaka nisisikie kitu. Milio midogo ikiingia katikati naiacha ipite, siikimbilii. Hapo ndipo penye kazi, maana sikio hupenda kurukia kipya. Mara ya sita au ya saba mabega yakashuka yenyewe. Nililala nimekumbatia magoti, mwenzangu akaja kuniamsha.

Nilirudi mara nne kabla maonyesho hayajafungwa. Siku hizi nyumbani naweka gamelan ya Java, ile ya polepole, iliyopigwa na watu. Kebyar, mtindo wa gamelan wa Bali, naipenda sana, ila ina kasi na mishtuko, si ya kulalia. Java upatu mkubwa kuliko yote, gong ageng, ndio unaofunga kila mzunguko, kwa hiyo nina kitu cha kungojea. Spika naiweka sakafuni, sauti chini. Wa tano huwa naufikia. Wa kumi sijawahi kuusikia.