Swali lililonifia pale mnara wa saa

Februari iliyopita mtayarishaji wetu alinipa karatasi yenye swali moja: "Unajua nini kuhusu historia ya watu weusi?" Nitoke, niulize wapita njia kumi, nirudi kabla ya saa nane nikiwa na dakika tatu za sauti. Alikuwa amesoma kwamba Wamarekani huiadhimisha historia hiyo kila Februari. Carter G. Woodson, mwanahistoria mweusi wa kule, aliyaanzisha maadhimisho hayo mwaka 1926 yakiwa wiki moja tu, na kufikia 1976 yakawa mwezi mzima. Basi na sisi, redio ya jamii hapa Kisumu, tusiachwe nyuma. Sikubisha. Mtu wa kujitolea, malipo yake nauli na chai, atabisha na nani?

Saa nne nilikuwa pale mnara wa saa, Barabara ya Oginga Odinga. Rekoda ya stesheni ilikuwa imechukuliwa na mwenzangu, kwa hivyo nilitumia simu yangu na kimaiki cha kuchomeka. Nilikivisha soksi ya mtoto wa dada yangu kuzuia upepo wa ziwani. (Inasaidia kweli, ila iwe ya sufi.)

Wa kwanza, kijana wa boda: "Weusi gani? Kwani hapa unaona wa rangi gani?" Wenzake wakaangua kicheko na mmoja akapiga honi, ambayo iko kwenye rekodi mpaka leo. Mama mmoja akanionyesha upande wa Siaya: "Hiyo ni mambo ya Obama, enda Kogelo." Mwanafunzi wa sekondari alitaja Martin Luther King, Mandela na Malcolm X, mbiombio, kisha akaniuliza kama amepata. Wa nne alidhani nauza laini za simu.

Nikapanda tuktuk hadi soko la Kibuye, nikiwa na hasira kidogo na karatasi yangu.

Pale kwa mitumba, mama muuza makoti alinisikiliza hadi mwisho, akakunja mkono wa koti alilokuwa akilipiga pasi, akasema: "Mjomba wangu alikosa ndege ya Mboya." Hivyo tu, kama vile jambo lenyewe lilitokea wiki jana. Ndege ya Mboya, yaani Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya, ni ile iliyoondoka Nairobi Septemba 1959 na wanafunzi 81 waliokwenda kusoma Marekani, na nyingine zikafuata. Nauli ilitafutwa kwa michango, na barua ya kuomba michango hiyo kule Marekani ilitiwa sahihi na mchezaji besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier. Yaani mchezaji besiboli mweusi wa kule alikuwa akihangaikia nauli ya kijana wa Nyanza asiyemjua. Mimi hayo nilikuwa nayo kichwani. Suti sikuwa nayo. Mjomba alikuwa ameshashonewa suti ya safari, nafasi ikakosekana, suti ikabaki sandukuni. "Tulimzika nayo," mama akasema, akarudi kwenye pasi yake.

Nikatoa kalamu, nikafuta swali la bosi. Nikaandika: "Kwenu, nani alichukuliwa akapelekwa mbali?"

Fundi viatu aliyekuwa upande wa pili hakungoja nifike. Nilimwamkia, "Shikamoo, jaduong'," akanisogezea kibao. Babu yake alipelekwa Kariakor, yaani Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, vita vile vya 1914, kubebea Waingereza mizigo wakimfukuza Mjerumani Tanganyika. Walitoka wanne boma moja, akarudi mmoja. "Si risasi, binti yangu. Tumbo." Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi ni maradhi na njaa vilivyowamaliza. Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zimebaki na jina la kikosi chao. Kwenye sanamu ya askari watatu kule Nairobi wameandikwa kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Nimeipita sanamu hiyo mara ngapi, nikikimbilia matatu?

"Alirudi na nini?" nikauliza.

"Bakuli la bati na Kiswahili. Bakuli tulilitumia. Kiswahili hakuna aliyekitaka, akawa anaongea na ng'ombe."

Kwetu Maragoli kuna mzee aliyeitwa Keya. Sikuwahi kujiuliza jina hilo lilitoka wapi, hadi nilipokuwa nimekaa kwenye kibao cha fundi nikilitamka polepole: KAR, King's African Rifles, jeshi la wakoloni. Nilimpigia baba papo hapo. Akasema, "Sasa ulidhani ni nini?"

Stesheni, bosi alitaka yule mwanafunzi atangulie kwa sababu "amejibu swali". Fundi apewe sekunde ishirini. Tulivutana mpaka chai ikapoa. Nilipata dakika moja na nusu, na ng'ombe wakabaki ndani. Honi pia ilibaki, kwa bahati mbaya.

Jumatatu iliyofuata nilipeleka viatu vyangu Kibuye, soli ilikuwa imeachia. Fundi hakuniuliza habari za viatu. Kwenye kibao kulikuwa na mzee mwingine, amevaa koti la mvua kwenye jua kali, ameshika bahasha ya kaki kwa mikono miwili.

"Huyu yuko hapa tangu saa mbili," fundi akasema. "Babake alikuwa vitani Burma. Toa ile soksi yako."