Kibati kisicho na herufi ya rangi

Ford Mustang ya 1967 iliingia gerejini kwetu, karibu na Tacoma, jimbo la Washington huko Marekani, ikiwa nyekundu. Mzee mwenyewe alikuwa ameirithi kwa shangazi yake na alitaka jambo moja tu: irudie rangi iliyotoka nayo kiwandani. Nikamwambia hilo jepesi. Kwenye Ford za miaka ile kuna kibati kimepigwa ribiti ukingoni mwa mlango wa dereva, na rangi imegongwa humo kwa herufi moja: A ni Raven Black, M ni Wimbledon White, T ni Candyapple Red. Nikafungua mlango, nikafuta grisi. 65A, yaani yenye paa gumu. Halafu patupu. Kisha msimbo wa viti.

Nilidhani aliyegonga kibati alisinzia. Kule Changamwe nilikojifunzia kazi hatukuwa na habari ya vibati. Mteja alikuja na rangi yake kichwani. Basi nikafanya pupa. Niliona nyeupe imechungulia chini ya nyekundu kwenye fremu ya mlango, nikaenda kuchanganyisha lita nzima kwa pesa yangu. Nilipokuja kuchomoa kiti cha nyuma, nyeupe haikuwepo hata tone. Lita ile ingali rafuni, na wenzangu wananiuliza habari zake kila Ijumaa.

Fundi mkongwe wa pale ndiye aliyenielekeza nisome kibati hadi mwisho. Chini ya DSO, yaani msimbo wa wilaya ya mauzo, kulikuwa na 74, ya Seattle. Gari la kawaida hukomea hapo. Hili lilikuwa na tarakimu zaidi, nambari ya oda maalum. Mteja alikuwa akiomba kwa muuzaji rangi isiyokuwemo katika orodha ya mwaka ule, oda inapitia wilayani, na kiwanda kinaacha nafasi ya herufi wazi kwa sababu herufi yenyewe haipo. Chrysler, kwa rangi za namna hiyo, waliandika 999. Camaro ya Chevrolet ya 1969 yenye rangi maalum ina vistari viwili tu mahali pa msimbo. Watu wakisikia oda maalum ya Chevrolet hukimbilia COPO, yaani oda zilizopitia ofisi kuu, na zile Camaro ZL1 sitini na tisa zenye injini ya alumini, lakini mimi nitawapenda zaidi waliohangaika kwa ajili ya rangi tu.

Mzee akaagiza ripoti ya kampuni ya Marti, inayotolewa kutoka kumbukumbu za uzalishaji za Ford kuanzia 1967. Ikathibitisha rangi maalum. Rangi gani, haikusema.

Ikabaki bodi yenyewe itoe ushahidi. Kwanza nililoweka msasa namba 1000 majini, nikasugua mduara mdogo kwenye bawa la nyuma mpaka bati likang'aa katikati, na tabaka zikajipanga kama pete za kitunguu: nyekundu, nyeupe, praima ya kijivu, kisha ukanda mwembamba wa chungwa. Hapo nikachukua kitambaa chenye thina kali. Nyeupe ikayeyuka ikashika kitambaa, kumbe laka ya gerejini. Chungwa haikutikisika. Ford walitumia enameli iliyookwa kwenye tanuri, na hiyo haiachii kirahisi.

Ila ukanda mwembamba kama uzi huwezi kuupima. Nikafungua paneli ya ndani kando ya kiti cha nyuma, na nyuma yake, mahali ambapo jua halikufika tangu 1967, kulikuwa na eneo la kiganja kizima. Chungwa la papai lililoiva, bila chembe za metaliki. Nikalipolishi taratibu kuondoa ukungu, mashine ya kusomea rangi ikawekwa pale, nikapuliza kadi tano za majaribio. Ya tatu ilifanana kabisa chini ya taa za gereji. Kuitoa juani, ikageuka kuwa ya matofali. Ya tano ndiyo ilikubali kotekote.

Siku ya kuchukua gari mzee alizunguka mara mbili bila neno, kisha akafungua mlango, akagusa ile nafasi tupu. Vibati vipya vinauzwa, akasema, vipi tukigonga herufi yoyote ili wanunuzi wasisumbue? Nikamwambia, mzee wangu, hiyo nafasi tupu ndiyo karatasi yako. Akacheka, akafunga mlango.